Mama Aliyewasikiliza Bata Mzinga wa Masoro

Habari ilinikuta Nyabugogo, stendi kuu ya mabasi ya mji mkuu wa Rwanda, mahali pasipofaa kabisa kupokelea habari za msiba. Wapiga debe walikuwa wanaita abiria kwa sauti za kukwaruza, wachukuzi wanapita na mizigo vichwani wakitaka njia, nami nimesimama pembeni nikisubiri basi la kusini. Simu ikaita. Alikuwa mwanamke mmoja niliyemfundisha kusoma alipokuwa mtoto kule mlimani Masoro. Hakunisalimia kama kawaida yake. "Mwalimu," alisema, "ule mama wa dindo alituacha leo asubuhi. Tunamuzika kesho." Nikakaa juu ya gunia la viazi la mtu nisiyemjua, bila hata kuomba ruhusa. Mchukuzi aliyekuja kulibeba alinitazama usoni, akaliacha gunia na kwenda kubeba jingine. Basi langu likaondoka bila mimi.

Dindo, wasomaji wangu, ni neno la Kifaransa lililopita katika vinywa vya watu wa mlimani, nalo maana yake ni bata mzinga. Mama huyu simtaji jina, kwanza kwa sababu hapendi, na nasema hapendi kana kwamba bado yupo kwa kuwa ulimi wangu haujazoea. Pili, hakuna aliyekuwa analitumia. Alikuwa mjane wa makamo nilipomfahamu mwaka 1990, mrefu, mwenye sauti ya chini na macho yasiyo na haraka. Ujanani alikuwa mpishi wa masista huko Bukavu, na ndiko alikopata vitu viwili alivyorudi navyo nyumbani: Kiswahili cha Kikongo na mapenzi ya ndege ambao mlimani petu hakuna aliyekuwa na haja nao. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, mtoto wa Rwezamenyo, mtaa wa Waislamu mjini, niliyelelewa kwa Kiswahili na adhana. Nikapangiwa shule ya msingi ya Masoro na kupanga chumba uzio mmoja na wake. Kwenye mteremko mzima ule sisi wawili tu ndio tuliozungumza Kiswahili kwa raha. Hivyo ndivyo tulivyozoeana.

Anayeiona Masoro leo, na viwanda vyake na maghala yake na malori yanayopishana, ataona vigumu kuniamini nikimwambia kwamba pale palikuwa mashamba ya mtama na maharage, migomba, na vijia vya udongo mwekundu. Asubuhi yangu ya kwanza nilitoka nimepiga pasi shati, nikalikuta dume la bata mzinga limesimama katikati ya kijia. Limetuna, limetandaza mkia, na ile nyama nyekundu inayoning'inia usoni ilikuwa inageuka rangi ya zambarau kwa hasira. Nikalikemea kwa sauti ya darasani. Dume likajibu. Nyuma ya uzio kundi zima likajibu pamoja nalo, gologologolo, mpaka mbwa wa jirani akaingia chini ya ghala. Nikakemea tena, wakajibu tena. Mama akatoka na ungo mkononi, akanitazama nilivyokuwa nabishana na ndege. "Mwalimu, hawakutukani," akasema. "Hii ndege iko hivyo. Ukipaza sauti, iko inaitika tu." Nilifika shuleni nimechelewa, na wanafunzi walikuwa wamekwisha pata habari.

Nikajifunza kuishi nao. Kengele ya kanisa ikilia, waliitika. Radi ikipiga, waliitika kabla mwangwi haujaisha. Nilipogonga ubao kwa rula kunyamazisha darasa, sauti ilivuka uwanja, wakaitika, na darasa likavunjika kwa kicheko. Walikanyaga matuta ya maharage ya watu, wakalala juu ya miti na kuichafua, wakafukuza watoto waliotumwa maji. Majirani walilalamika chinichini, kwa adabu ya Kinyarwanda inayoweza kubeba hasira mwaka mzima bila kumwaga tone. Siku tone lilipomwagika, lilimwagika kwenye posa.

Jirani aliyekaa chini yetu alikuwa anamposesha dada yake mdogo. Kwa desturi ya Rwanda, siku ya kuposa wasemaji wawili, wa upande wa bwana na wa upande wa bibi, hukaa wakipambana kwa maneno mbele ya wageni. Huyu anaomba kwa mafumbo, yule anakataa kwa mafumbo, na heshima ya ukoo inapimwa kwa ndimi zao. Msemaji wa wageni alikuwa mzee mwenye sauti nene, aliyetoka mbali na kujiandaa vizuri. Akasimama, akakohoa, akatoa sentensi yake ya kwanza. Ilipofika kwenye kituo, bata mzinga wa juu wakaitika. Akatoa ya pili, wakaitika. Wazee wa upande wa bwana wakaanza kutazamana. Walidhani wenyeji wameweka watu nyuma ya migomba wa kuwazomea, maana katika mashindano yale hila ya namna hiyo haishindikani. Kwenye sentensi ya nne mzee akaketi, akavaa kofia yake, na ikawachukua wenyeji sehemu kubwa ya alasiri kumbembeleza aivue. Wenyeji walipokwisha kumwonyesha ndege wenyewe kwa macho, alicheka kidogo, lakini hotuba ilikwisha haribika. Jirani yetu alinishika mkono mbele za watu. "Mwarimu, wewe iko shahidi," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Hii ndege inaharibu nyumba yangu. Ao itoke, ao mimi natoka."

Jumapili iliyofuata wakakaa kikao cha majirani, mtungi wa urwagwa, pombe yetu ya ndizi, ukawekwa katikati na mimi nikapewa fanta. Kila mtu alisema lake. Mama alisikiliza wote bila kumkatiza hata mmoja. Zamu yake ilipofika hakutetea ndege wake wala hakuomba radhi kwa maneno mengi. Alisema wana haki, kelele ni nyingi mno kwa mtu mmoja. Kisha akapendekeza kwamba kila nyumba ichukue vifaranga wawili, dume na jike, iwafuge kama mtu anavyomfugia mwenziwe mnyama, na wazao wagawanywe kati yao. Desturi hiyo kila Mnyarwanda anaijua kwa ng'ombe na mbuzi. Kwa bata mzinga hakuna aliyewahi kuisikia. Mzee mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikazunguka na ule mtungi. Jirani wa chini ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali. Jioni alipokuja kuchukua vifaranga wake alikuja na kikapu kilichofunikwa kwa jani la mgomba, kama anayekwenda ukweni. Nilimuuliza mama kama kweli anadhani kelele zitapungua. "Zitaongezeka," akanijibu. "Lakini mutu hasikii kelele ya kitu yake."

Vifaranga wa kwanza walikufa karibu wote. Watu waliwafuga kama kuku: wakawafungulia alfajiri watoke na mama zao, na umande wa Masoro ukawamaliza. Kifaranga wa bata mzinga hana kinga na ubaridi. Akilowa miguu, kesho yake amelala ubavu. Mama hakumlaumu mtu. Alizunguka nyumba hadi nyumba na vifaranga wengine, na fungu la isusa, yale majani yanayowasha mwili ambayo sisi tunayakimbia. Aliyakatakata pamoja na yai la kuchemsha, akaonyesha jinsi ya kuwalisha, akaamuru wasitolewe nje mpaka nyasi zikauke. Alikuwa mkali katika jambo hilo moja tu. Mwaka 1992 ulipoingia, hapakuwa na boma kwenye mteremko ule lisilokuwa na bata mzinga wake, na mimi nilikwisha zoea kufundisha huku mlima mzima ukiitika.

Sasa ndipo nilipoanza kuelewa mama alikuwa anafanya nini. Jioni, jua likiwa bado juu ya migomba, aliketi kwenye kigoda mlangoni akichambua maharage. Dume lake lilipolia, la jirani wa kushoto liliitika, kisha la fundi seremala, kisha la ndugu wawili waliopakana naye, na sauti ikateremka hivyo hadi bondeni, nyumba kwa nyumba. Naye aliifuata kwa sikio. "Huyu ni wa fundi. Huyu ni wa kule kwenye kisima." Jioni moja sauti ikakatika katikati. Akasubiri. Dume likalia tena, na boma lile lile likanyamaza. Akaweka ungo chini, akajifunga kanga, akashuka. Alimkuta mke wa jirani wa chini amelala sakafuni na homa kali, mimba kubwa, mumewe safarini. Ndege walikuwa wamefungiwa ndani bila maji na hakuna mtu mwenye nguvu za kuwafungulia. Tulimbeba kwa machela ya kienyeji hadi zahanati. Mtoto alizaliwa mzima. Binti yao mkubwa alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la pili, na mpaka leo anakumbuka kwamba alitembea pembeni ya machela akiwa amemkumbatia kifaranga, kwa sababu mama alimwambia amtunze mpaka warudi. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilikuwa nimelifundisha neno hilo darasani mara nyingi bila kulifikiria.

Vita vilikuwa vimeanza kaskazini tangu mwaka ule niliofika. Kwanza ilikuwa habari ya mbali, ya redioni. Halafu redio yenyewe, na chuki zake, ikaingia katika salamu za watu. Mama alikuwa Mtutsi. Kwa miaka mitatu niliyokaa uzio mmoja naye sikuwa na haja ya kuliandika neno hilo, na leo naliandika kwa kuwa lilikuwa limeandikwa katika kitambulisho chake, na kwa sababu hiyo watu waliokula viazi vyake walianza kupita mlangoni kwake wakitazama ng'ambo. Mwishoni mwa 1993 bata mzinga wakaanza kurudishwa. Wa kwanza kurudisha wake alikuwa jirani wa chini. Hakubisha hodi. Alilifunga miguu dume lililokua mikononi mwake, akaliweka getini, akaondoka. Mama alilifungua kamba, akaliwekea maji. "Mutu akirudisha ndege bila kusalimia," akasema baadaye, "ile si ndege anarudisha." Baada ya huyo wakafuata wengine. Si wote, lakini boma lake likajaa ndege, na jioni sauti ilipotoka kwake haikufika tena mbali.

Pasaka ya 1994 shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa nyumbani kwetu Rwezamenyo. Yaliyotokea Rwezamenyo nayaacha leo, safu hii ni ya mama. Ila nataka kijana anayesoma hapa ajue jambo moja. Katika nchi hii, mtu akipatwa na hatari hupiga yowe liitwalo induru, na kila anayelisikia anapaswa kuliitikia kwa yowe lake na kukimbilia linakotoka. Ni sheria ya zamani kuliko serikali zote. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliopiga induru walisikika. Majirani waliwasikia vizuri sana. Wapo waliofunga milango, na wapo waliokwenda linakotoka yowe wakiwa na mapanga. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na sijapata neno la kuliita jambo hilo, kwa Kiswahili wala kwa Kinyarwanda.

Nilirudi Masoro mwezi wa nane. Nyumba nyingi hazikuwa na mabati, mtama ulikuwa umeangukia ardhini bila mvunaji. Nilisimama kwenye kile kijia, nikaita, "Mama!" kwa sauti yangu yote. Hakuna kilichoitika. Nililia pale pale, sioni haya kulisema. Kisha nikasikia nyasi zinasogea, na mama akatoka nyuma ya ukuta wa jiko lake lililoungua, amekonda, amevaa koti la mtu mwingine. Mwanawe, mkwewe na wajukuu wake, waliokuwa wamemjia kwa Pasaka, walikuwa wameuawa uani, na jirani wa chini alikuwa miongoni mwa waliokuja. Bata mzinga wote waliliwa juma lile la kwanza. Yeye alijificha katika mtama kwa majuma yasiyohesabika, akila alichookota. Na palikuwa na asubuhi kadhaa ambazo alikuta, hatua chache kutoka alipolala, viazi vitamu vya kuchemsha vimefungwa katika jani la mgomba. Hakuwahi kumwona aliyeviweka. Nilimuuliza kama anadhani alikuwa mmoja wa wale ambao hawakurudisha ndege. Akatikisa kichwa. "Usitafute hesabu pale, Mwalimu. Kuna waliorudisha, na kuna walioshika ndege yangu mpaka mwisho halafu wakakuja na wengine kuniua." Akalifunga koti. "Mimi sikuita mutu. Nilikuwa nimenyamaza kabisa. Lakini mutu aliitika."

Jike moja lilisalimika. Bata mzinga jike ana tabia ya kuficha kiota, na hili lilikuwa limeatamia kichakani upande wa pili wa kisima wakati wenzake wanaliwa. Mama alilikuta na vifaranga wake wakubwa tayari, miongoni mwao madume. Miezi iliyofuata watu wakaanza kuhamia mlimani, Wanyarwanda waliokulia Uganda, Tanzania na Burundi, kila mmoja na lugha yake na vyombo vyake juu ya lori. Mama akaanza upya mzunguko wake, kikapu kwenye nyonga. Mgeni mmoja kutoka upande wa Uganda alimuuliza, "Mama, hii kuku kubwa ni ya nini?" Akamjibu kwamba ni ya kumjulisha yeye mama kuwa mgeni huyo ameamka. Siku moja nilimsindikiza. Tulipofika njia panda nilidhani tutapinda, lakini alishika kijia cha kushuka, kuelekea kwa jirani wa chini. Yule bwana alikuwa amekimbia nchi. Mkewe alibaki na watoto, mlango umefungwa mchana kutwa, na hakuna mtu aliyekuwa anapita pale, mimi nikiwa mmojawapo.

Nikasimama. Nilimwambia, na sauti yangu haikuwa ya adabu, "Mama, hata pale?" Alisimama naye. Alikuwa anahema, mikono juu ya kifuniko cha kikapu. "Sijasamehe, Mwalimu. Usiende kusema nimesamehe. Watoto yangu iko chini ya udongo hapo juu." Akahamishia kikapu nyonga ya pili. "Lakini ule mukono wa viazi sijui ni wa nani. Nikiacha nyumba moja, labda ni hiyo. Na pale kuna watoto. Jioni nataka kusikia kama wako." Akashuka. Alibisha hodi, akasubiri, akabisha tena. Mlango ulifunguka upana wa kiganja. Hakuingia, wala hakukaribishwa. Aliweka vifaranga wawili kizingitini, akaeleza habari ya umande na isusa kwa sauti ile ile kali, akageuka. Jioni ile tulikaa kwenye vigoda tukisikiliza. Vifaranga bado walikuwa wadogo mno kuitika, naye alilijua hilo, lakini alisikiliza.

Hakujua mpaka anakufa mkono ule wa viazi ulikuwa wa nani. Viwanda vilipokuja akahamia mteremko wa pili na ndege wake, na wengi tuliomzunguka tukahama pia, kila mtu kwa njia yake. Mazishini nilimkuta yule aliyenipigia simu, binti mkubwa wa nyumba ya chini, sasa mama wa watoto wanne. Ndiye aliyemlisha mama na kumwogesha miaka yake ya mwisho. Sikumuuliza habari za viazi. Nadhani mama naye hakumuuliza. Padri alipopaza sauti kuanza sala, bata mzinga wakaitika kutoka juu, na vijana wawili wakainuka kwenda kuwafukuza. Yule binti akawazuia kwa mkono. "Muwaache," akasema. "Wako wanaitika." Padri akasubiri wamalize, akaendelea, nao wakaendelea, na hakuna aliyecheka.

Wasomaji wangu, wengi wetu sasa tunaishi nyuma ya kuta ndefu na mageti ya chuma, na tunajisifu kwamba mtaa wetu ni mtulivu. Mimi mwenyewe nilichagua nyumba yangu kwa sababu ya utulivu huo. Nimerudi kutoka mazishini nikiuogopa. Somo nililolibeba kutoka kaburini kwa mama ni dogo: usingoje jirani akuite. Huenda hana sauti, huenda ana sababu ya kujificha, huenda alikwisha kuita zamani na hatukwenda. Nyumba iliyonyamaza ishukie, hata kama miguu haitaki na moyo haujawa tayari.

Jana jioni nilikumbuka kwamba redio ya jirani yangu sijaisikia tangu juma lililopita. Tumepakana miaka mingi na salamu zetu zilikuwa za honi ya gari. Nikaenda, nikagonga geti. Alichelewa sana kufungua. Alikuja na blanketi mabegani, macho mekundu, akanichungulia kupitia upenyo. "Kuna nini, mzee?" Nikamwambia hakuna kitu, nimekuja kusikia kama yupo. Alinitazama, kisha akalifungua geti lote.